Boriti Iliyomshinda Galileo

Mwaka 1638, huko Leiden, Uholanzi, kilichapwa kitabu cha mzee aliyekuwa kifungoni nyumbani kwake karibu na Florence. Kanisa lilikwisha kumhukumu Galileo Galilei kwa habari za jua na dunia. Safari hii aliandika pia juu ya jambo lisiloweza kumuudhi askofu yeyote. Boriti imechomekwa ukutani, jiwe limening'inia kwenye ncha yake. Itavunjika kwa mzigo gani?

Nusu ya jibu lake ni sahihi hadi leo. Ukizidisha upana wa boriti mara mbili, nguvu yake huwa mara mbili. Ukizidisha kimo mara mbili, huwa mara nne. Ndiyo maana fundi wa paa huusimamisha ubao wa 2 kwa 6 kwa ubavu. Ukilazwa, nguvu yake hubaki theluthi moja tu. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu hawakuwa na nafasi hiyo, kwa kuwa boriti ya mkoko ni ya mviringo, haina ubavu wa kusimamishia. Wao walipunguza upana wa chumba: mita 3 hivi au pungufu.

Galileo alikosea ndani ya mti wenyewe. Alidhani nyuzi zote huvutwa sawasawa, na boriti hugeukia ukingo wake wa chini kama mlango kwenye bawaba. Kumbe nyuzi za juu huvutwa, za chini hubanwa, na katikati lipo tabaka lisilovutwa wala kubanwa. Kosa hilo liliipa boriti nguvu mara tatu ya ile inayotolewa na nadharia ya leo. Si kosa dogo ukiwa umesimama chini yake.

Mfaransa Antoine Parent alilisahihisha mwaka 1713, lakini wachache walimsikiliza. Charles Coulomb, mhandisi wa jeshi aliyejenga ngome kisiwani Martinique, alilifikia tena sahihisho hilo mwaka 1773 mbele ya Akademia ya Paris. Naye hakusomwa sana na wajenzi.

Ilibidi asubiriwe Claude-Louis Navier, mwalimu wa wahandisi wa barabara na madaraja, aliyechapisha masomo yake mwaka 1826. Yeye alibadilisha hata swali: badala ya kutafuta mzigo wa kuvunja boriti, alikokotoa mzigo ambao boriti ingeubeba, ikapinda kidogo, kisha ukiondolewa ikarudi ilivyokuwa.