Pesa za Winston, Uwanja wa Wilkes

Tangazo la mwisho la sigara kwenye televisheni za Marekani lilirushwa usiku wa Januari 1, 1971. Rais Nixon alikuwa ametia sahihi sheria ya kupiga marufuku matangazo hayo mwezi Aprili mwaka uliotangulia. Hapa Winston-Salem, North Carolina, ninakofanya kazi ya ufundi wa magari, kampuni ya R.J. Reynolds ikabaki na fungu nono la pesa za matangazo lisilo na pa kwenda. Jamaa zangu wa Nakuru wakiniuliza mbio za magari za NASCAR zilipataje kuwa biashara ya mabilioni, mimi huanzia hapo. Bill France, mwanzilishi wa NASCAR, alikuwa amekwisha kuwakusanya wenye mbio katika hoteli ya Streamline, Daytona Beach, Desemba 1947, na chama kikasajiliwa mwaka uliofuata. Lakini kwa zaidi ya miaka 20 ulibaki mchezo wa watu wa kusini, uliotegemea kiingilio cha mlangoni na msaada wa viwanda vya magari.

Aliyefungua njia ni Junior Johnson, mtu wa kaunti ya Wilkes, mwendo wa saa moja na ushei magharibi mwa hapa. Ujanani alisafirisha usiku pombe haramu iliyopikwa na baba yake, jamii ya chang'aa yetu, kwa gari lililotengenezwa injini upya ili askari wasilifikie. Mwaka 1956 alikamatwa penye mtambo wa baba yake akafungwa karibu mwaka mzima. Baadaye alishinda mbio 50 za NASCAR, akastaafu, akawa mwenye timu. Akaenda R.J. Reynolds kuomba udhamini wa gari lake, akakuta wana pesa ambazo gari moja lisingeweza kuzimaliza. Angeweza kunyamaza, akachukua chake akaondoka. Badala yake aliwaelekeza kwa France, wadhamini mashindano yote. Tendo hilo naliheshimu kuliko ushindi wake wote 50.

Mwaka huohuo wa 1971 jina la Winston, sigara ya Reynolds, likaingia kwenye kombe la NASCAR. Mwaka uliofuata kalenda ikakatwa kutoka mbio 48 hadi 31, na mbio fupi za chini ya maili 250 zikaondolewa. Kampuni ilileta pesa za zawadi, mabango, na hata rangi nyekundu na nyeupe za kupaka kuta za viwanja vilivyochakaa. Na ikafaidika. Sheria ilizuia tangazo la sigara, haikuzuia jina la mashindano, kwa hiyo kamera zilipoanza kuzifuata mbio hizo, watangazaji walilitamka jina la Winston Jumapili nzima. Kwetu Kenya tuliliona jambo hilohilo, kwani miaka ya 1980 Safari Rally ilibeba jina la Marlboro, nasi watoto tulilishangilia pembeni mwa barabara tukiwa tumejaa vumbi. Sisemi pesa ile ilikuwa safi. Sigara imeua wengi katika mji huu, wakiwemo waliozitengeneza. Ila bila hiyo, wengi wa madereva ninaowaenzi wasingejulikana nje ya kaunti zao.

Hata hivyo, si kila dereva alimwachia mdhamini kila kitu. Mwaka 1972 kampuni ya STP ilitaka gari la Richard Petty lote liwe jekundu, rangi yake yenyewe. Petty alikuwa na buluu yake, iliyokwisha kujulikana viwanjani kote. Andy Granatelli wa STP alimwongezea dola 50,000 akubali, akakataa. Mwishowe gari likapakwa rangi zote mbili, na hivyo ndivyo wazee wa hapa wanavyolikumbuka.

Kisha Februari 18, 1979, televisheni ya CBS ikaonyesha mbio za Daytona 500 moja kwa moja, tangu bendera ya kuanza hadi ya kumaliza. Zamani, kwa kawaida televisheni zilikuwa zikionyesha vipande tu. Siku hiyo theluji kubwa ilikuwa imewafungia watu ndani sehemu kubwa ya mashariki ya nchi, na wengi ambao hawakuwahi kuona mbio hizi wakaziangalia. Mzunguko wa mwisho Donnie Allison na Cale Yarborough, waliokuwa mbele, wakagongana na kuishia majanini. Petty, aliyekuwa nyuma sana, akapita akashinda, huku Yarborough akipigana ngumi na Donnie na kaka yake, Bobby Allison. Tangu hapo wauzaji wa sabuni na kahawa wakaanza kuona boneti la gari kama ubao wa matangazo. Mwaka 1987 Darrell Waltrip alikuwa akiendesha gari la rangi za sabuni ya Tide.

Wilkes ndiko ninakoumia. Uwanja wa North Wilkesboro, wenye urefu wa kilomita moja tu, ulijengwa na Enoch Staley na wenzake, ukafunguliwa 1947, kabla NASCAR haijazaliwa. Upande mmoja gari linashuka, upande wa pili linapanda. Staley alifariki 1995. Wafanyabiashara wawili, Bruton Smith na Bob Bahre, wakaununua uwanja, wakagawana tarehe zake mbili za mbio. Moja ikaenda Texas, nyingine New Hampshire. Mbio ya mwisho ya kombe ilikuwa Septemba 1996, Jeff Gordon akashinda. Tarehe ya mbio ilikuwa mali kuliko lami na majukwaa, na miji mikubwa ndiyo iliyokuwa na watazamaji waliotafutwa na wadhamini. Majani yakaota kwenye nyufa. Magari ya kombe yalirudi Mei 2023, kwa mbio za nyota.

Zamani kila uwanja ulijiuzia haki zake za televisheni. Mwishoni mwa 1999 NASCAR iliziuza zote kwa pamoja, kwa takriban dola bilioni 2.4, kuanzia msimu wa 2001. Viwanja vilipata asilimia 65, zawadi za timu 25, na NASCAR 10. Hebu fikiria Wilkes ingebaki kwenye kalenda miaka mitano zaidi.

Wapo ambao pesa haikuwafikia kabisa. Wendell Scott wa Danville, Virginia, alikuwa Mweusi wa kwanza kushinda mbio ya daraja la juu, Jacksonville, Desemba 1, 1963. Bendera alipewa Buck Baker. Saa kadhaa baadaye, watazamaji wakiwa wameondoka, ndipo waamuzi walipokiri kwamba mshindi ni Scott. Aliendesha mbio 495 bila mdhamini mkubwa, wanawe wakimsaidia kwenye magari, na ubavuni mwa gari alikuwa ameandika kwa mkono kwamba fundi wake ni yeye mwenyewe. Mimi ni fundi; najua gharama ya injini moja. Ajali ya Talladega mwaka 1973 iliharibu gari alilolinunua kwa mkopo na kumvunja mifupa, na baada ya hapo alishindana kwa shida mara moja tu. Mweusi wa pili kushinda, Bubba Wallace, alishinda Talladega hiyohiyo Oktoba 2021, katika timu ya Michael Jordan na Denny Hamlin, gari lake likiwa na jina la McDonald's.