Mwanguko Huru, Si "Uzito Sifuri"

Huku Mkuyuni, mashariki mwa milima ya Uluguru, fenesi lililoiva kupita kiasi halibembelezwi. Huachia tawi na kutua kwa kishindo. Mfikirie sisimizi aliyekuwa juu ya ganda lake. Tukiuweka upepo kando, kabla ya kishindo sisimizi halielemei fenesi, wala fenesi halimbebi. Wanashuka pamoja. Ungepachika mzani katikati yao, mshale ungelala kwenye sifuri, ingawa Dunia haijaacha kuwavuta hata kidogo.

Ndiyo hali ya wanaanga wanaoelea kwenye filamu. Wengi huiita "uzito sifuri", na msomaji huondoka akiamini kwamba huko juu kani ya uvutano imekwisha. Kwenye kimo cha kilomita 400, kinakozunguka Kituo cha Kimataifa cha Anga, uvutano ungali karibu asilimia 90 ya huu wetu. Kituo kinaanguka mfululizo, ila kinakwenda takriban kilomita 28,000 kwa saa, na kila kinaposhuka, ardhi nayo imeshapinda chini yake. Hakifiki.

Mwandishi wa riwaya Jules Verne aliteleza hapohapo. Katika *Autour de la Lune* (Kuuzunguka Mwezi), wasafiri wake wanapoteza uzito mahali pamoja tu, pale mvuto wa Dunia na wa Mwezi unapolingana. Kwa kweli wangeelea tangu walipotoka angahewani.

Kwa hiyo, kuiita hali hii, nachagua *mwanguko huru*: kuanguka bila kushikiliwa na chochote. Najua "mwanguko" unanukia ajali. Afadhali hivyo kuliko "uzito", neno ambalo sokoni ni kilo za ndizi, na darasani kilo hizohizo huitwa tungamo. Tungamo haliyeyuki angani: mwanaanga wa kilo 70 akikugonga kwa kasi, utaumia vilevile.

Tena "huru" lina historia yake kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya NASA ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilichunguza eksirei zitokazo angani, zikiwemo za Cygnus X-1, ambako wanasayansi walikuja kutambua shimo jeusi. Muda wote huo ilikuwa ikianguka. Mwanguko wake ulikoma mwaka 1979, iliporudi angahewani.