Mkate wa marehemu na ngano ya Juan Garrido

Tarehe 2 Novemba Wakatoliki wa Segese, mji mdogo wa Halmashauri ya Msalala katika ukanda wa dhahabu wa Kahama, huwaombea marehemu wao sawa na Wakatoliki wenzao duniani kote. Nchini Mexico siku hiyo ina chakula chake: mkate mtamu wa duara uitwao pan de muerto, yaani mkate wa marehemu.

Unga wa ngano hukandwa kwa mayai, siagi, sukari na amira, ukatiwa ganda la chungwa lililokwaruzwa, mbegu za anisi au maji ya maua ya mchungwa. Mwokaji huviringa vipande vya donge mfano wa mifupa, akavipitisha juu ya mkate, kisha katikati akabandika kidonge kinachosimama badala ya fuvu. Ukiiva hupakwa siagi na kunyunyiziwa sukari. Huwekwa mezani nyumbani pamoja na picha za marehemu, maua ya rangi ya chungwa, ubani, maji na chumvi, kwa imani kwamba wenyewe wanarudi kuwatembelea jamaa zao: watoto tarehe 1, watu wazima tarehe 2. Huko Oaxaca mikate mingine hubandikwa kabisa kisura cha mtu kilichopakwa rangi.

Tarehe yenyewe imetoka mbali. Karibu na mwaka 1000, Abate Odilo wa monasteri ya Cluny, Ufaransa, aliwaagiza watawa wake wawaombee marehemu wote siku inayofuata Sikukuu ya Watakatifu Wote. Wahispania waliivusha bahari desturi hiyo, na baada ya kuuteka Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, mwaka 1521 waliwakuta wenyeji wakiwa na donge lao la kuwakumbuka wafu. Mtawa Mfransisko Bernardino de Sahagún aliandika kwamba katika sikukuu ya milima Waazteki walifinyanga sanamu kwa mbegu za mchicha, wakiwakumbuka waliokufa maji, kisha wakazikata na kuzila. Ndiyo, mchicha, mmea wa jamii ileile inayochumwa bustanini Segese kwa mboga. Wahispania walipiga vita ibada hizo, na wao wenyewe walikuwa na mazoea ya kupeleka mikate kanisani kwa ajili ya roho za marehemu. Desturi mbili zikakutana, ngano ikachukua nafasi ya mbegu za mchicha.

Ngano hiyo ilipandwa na nani? Hapa ndipo msomaji wa Afrika anapaswa kusimama kidogo. Mwaka 1538 mtu mweusi aliyezaliwa Afrika, Juan Garrido, alimwandikia mfalme wa Hispania kuomba malipo ya utumishi wake. Alikuwa amebatizwa Lisbon, akavuka kwenda visiwa vya Karibi, akapigana katika vita vya Mexico. Katika barua hiyo alidai kuwa yeye ndiye wa kwanza kujaribu kupanda ngano katika nchi ile na kuona kama itakubali. Mwanahistoria Francisco López de Gómara, katika kitabu chake cha mwaka 1552, anasimulia kuwa Garrido alizikuta punje 3 za ngano ndani ya gunia la mchele, akazipanda. Mkate wa marehemu wa Mexico, basi, una mkono wa Mwafrika tangu shambani, na jina lake lastahili kutajwa kila historia hiyo inaposimuliwa.

Huku Usukumani kalenda ileile ililetwa na wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadri Weupe. Walifika Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1883, wakafungua misheni ya Ushirombo mwaka 1891. Jimbo Katoliki la Kahama likazaliwa mwaka 1983. Tarehe 2 Novemba ilikuja, mkate haukuja. Sababu iko shambani: huku ni kwa mtama, uwele, mahindi na mpunga, ilhali ngano ya Tanzania hulimwa nyanda za juu kama Hanang, na nyingine nyingi hununuliwa nje. Masamva, yaani mizimu ya ukoo, waliendelea kupewa kile kilicholiwa nyumbani: unga wa mtama uliokorogwa kwa maji, na pombe.

Haina maana kwamba Wasukuma hawakuchanganya ya kale na ya kanisa. Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement kutoka Kanada aliikaribisha ngoma katika sikukuu ya Ekaristi, na mashindano ya vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu yakawa sehemu ya sherehe hiyo, iitwayo Bulabo, ya kila Juni.

Katika ukanda wa dhahabu wa Kahama siku ya marehemu haiwahusu wazee tu, kwani kifo huwanyemelea hata wachimbaji. Oktoba 2015 duara, yaani shimo la machimbo, la Nyangalata, wilayani Kahama, liliporomoka. Wachimbaji 5 walitolewa hai Novemba 15, baada ya siku 41. Tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu, wao walikuwa chini ya ardhi wakila mizizi na wadudu.

Tukirudi kwenye mkate, ule wa Mexico unaweza kuokwa Segese bila shida. Unga, amira, mayai na machungwa vinapatikana madukani na sokoni, na iliki ya maandazi inaziba pengo la anisi. Donge liwe laini kuliko la maandazi, liachwe mpaka liumuke maradufu. La mifupa liongezwe unga kidogo, la sivyo mifupa itayeyukia ndani ya mkate. Asiye na oveni hutumia sufuria: mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko, kwani moto wa chini ukizidi kitako kinaungua kabla ya katikati kuiva.

Lakini kabla ya kuviringa mifupa hiyo, vijana wa Msalala wawaendee bibi na babu wangali hai. Wawaulize masamva waliandaliwa unga gani, nani aliusaga, uliwekwa wapi na yalitajwa majina ya nani, kisha wayaandike.