Shule ya msingi ya hapa kwetu ni nzuri ama mbaya? Historia fupi ya vipimo vyetu

1. Wadau, uzi wa leo ni wa shule ya msingi. Ile ya serikali, ya hapo karibu na soko, ambayo kila msimu wa kampeni lazima itajwe jukwaani. Mmoja anasema "shule zetu zimeanguka". Mwingine, "mimi nimejenga madarasa". Wa tatu, "enzi zetu tulikuwa nambari moja". Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli, na bado usijue kama mtoto wako atasoma. Kama kawaida yetu, hakuna jina la mwanasiasa wala chama hapa. Tuongee suala lenyewe.

2. Nina sababu yangu ya kuuliza. Binti yangu anaingia Gredi ya 3 Januari, na karo ya shule ya kibinafsi imenishinda. Shule ya serikali iko dakika kumi kwa miguu, na ndiyo niliyosoma mimi. Majirani wananiambia, "Usithubutu." Nikiuliza kwa nini, jibu ni moja: "Haifanyi vizuri." Haifanyi vizuri kwa kipimo gani? Hapo watu wananyamaza. Ndio nikaanza kuchimba historia.

3. Tuanze wakati wa ukoloni. Shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Kila kundi na bajeti yake, majengo yake, mitihani yake. Ripoti ya Kamati ya Beecher ya 1949 ilipanga elimu ya Mwafrika kwa ngazi za miaka minne minne, na chujio la kwanza likawekwa mwisho wa mwaka wa nne. Yaani wengi walitarajiwa kuishia hapo. Shule "nzuri" machoni mwa mkaguzi ilikuwa ile yenye nidhamu, usafi na shamba lililolimwa vizuri.

4. Lakini wazazi walikuwa na kipimo chao. Miaka ya 1930, jamii za Wakikuyu zilijenga shule huru nje ya mikono ya misheni. Ugomvi ulikuwa mkubwa kuliko masomo, ulihusu mila na ardhi pia, lakini jambo moja wazazi walilisema wazi: tunataka watoto wafundishwe Kiingereza mapema, si useremala peke yake. Wakachanga pesa, wakajenga. Shule hizo zilifungwa hali ya hatari ilipotangazwa 1952. Kwa hivyo mtu asikuambie mzazi wa kijijini hajui kupima shule. Alianza zamani.

5. Uhuru ukaja 1963. Mwaka huohuo iliteuliwa Tume ya Ominde, ambayo ilipendekeza mfumo mmoja wa elimu kwa watoto wote. Ubaguzi wa rangi ukaondolewa kwenye sheria. Ila nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ambao baadaye uliitwa CPE, ukageuka mlango mwembamba. Na mlango ukiwa mwembamba, shule inapimwa kwa swali moja: imepitisha wangapi?

6. CPE ilikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hesabu, na ile ya jumla iliyochanganya historia, jiografia na sayansi. Kiswahili hakikutahiniwa. Matokeo yake mnayajua: kisichotahiniwa hakifundishwi kwa bidii. Kiswahili kilikuja kuwa somo la lazima la mtihani 8-4-4 ilipoanza, 1985. Shika somo hili: kipimo hakipimi shule tu, kinaibadilisha pia.

7. Miaka ya 1970 kulitokea jambo zuri ambalo halitajwi majukwaani. Watunga mtihani walibadilisha maswali yadai kufikiri badala ya kukariri, kisha wakaanza kutuma jarida shuleni kueleza ni maswali gani watoto walikosa na kwa nini. Mwalimu aliona, kwa mfano, kwamba watoto wanajua kujumlisha lakini hawaelewi swali la maneno. Hicho ni kipimo kinachomsaidia mwalimu. Nambari ya nafasi, ya kwanza au ya arobaini, haimwambii mwalimu afanye nini Jumatatu asubuhi.

8. Wakati huohuo, 1974, karo ilifutwa kwa madarasa ya kwanza hadi la nne. Darasa la kwanza likafurika zaidi ya mara mbili. Shangwe kubwa. Lakini madarasa hayakuwepo, na walimu wenye mafunzo hawakutosha. Shule zikaanza kutoza pesa za ujenzi, na kuna sehemu zilipita ile karo iliyofutwa. Watoto wengi wakatoka tena. Tangazo lilikuwa la bure, bili ikaja kwa jina lingine. Mnaifahamu hiyo filamu, sivyo?

9. 1985 ikaja KCPE, baada ya miaka minane ya msingi. Miaka ya kwanza alama zilikuwa juu ya 700. Kuanzia 2001 masomo yalipunguzwa, zikawa juu ya 500. Hapa ndipo alama za wastani za shule zikawa kama msimamo wa ligi. Magazeti yakachapisha orodha, wanafunzi wakabebwa mabegani, na wanasiasa wakaja kupiga picha.

10. Mimi ni zao la ligi hiyo. Nilifanya KCPE 1996. Ukutani mwa ofisi ya mwalimu mkuu kulikuwa na ubao wenye wastani wa kila mwaka, na mwaka wetu tuliongoza eneo letu lote. Nakumbuka soda na mandazi, na mheshimiwa fulani akitupa mikono. Ile "enzi zetu" inayosemwa jukwaani, nilikuwemo.

11. Lakini dawati langu lilikuwa na watu watatu, na mmoja wetu hakuwa kwenye orodha. Rafiki yangu alikuwa mzito wa Hesabu. Mapema mwaka huo mamake aliitwa ofisini akaambiwa kijana atasajiliwa katika kituo kingine, kashule kadogo ng'ambo ya mto. Aliendelea kukaa na sisi darasani, lakini alama zake zikahesabiwa huko. Wengine walirudishwa darasa la saba, mara ya pili, mara ya tatu. Wasichana wawili waliorudishwa hawakumaliza kabisa.

12. Haikuwa shule yetu pekee. Mchezo huu ulijulikana nchi nzima: kuwarudisha madarasa, kuwasajili dhaifu kwingine, tuisheni alfajiri na usiku, michezo na muziki kufutwa kwenye ratiba. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikataza kumlazimisha mtoto kurudia darasa na ikapiga marufuku tuisheni ya likizo. Mwaka 2014 serikali ikafuta kupanga shule kwa nafasi. Ubishi ukawaka, kwa sababu wazazi waliuliza, kwa haki: mkituondolea orodha, mnatupa nini badala yake?

13. Rudi nyuma kidogo, 2003. Elimu ya msingi ikawa bure kwa madarasa yote. Wanafunzi wakapanda kutoka karibu milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7 ndani ya mwaka mmoja. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza kule Eldoret na dunia nzima ikamjua. Serikali ilianza na mgao wa shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka. Gawanya hizo kwa mihula mitatu uone zinanunua nini.

14. Hapa ndipo msemo wa "shule za serikali zimeanguka" ulipopata nguvu. Wastani ulishuka sehemu nyingi na waliokuwa na uwezo wakahamia shule za kibinafsi. Lakini jiulize: waliofanya wastani ushuke ni akina nani? Wengi ni watoto ambao zamani hawangekuwa darasani kabisa. Shule iliyofungua mlango ilionekana mbaya kuliko iliyofunga. Sisemi ubora haukuumia. Mwalimu mmoja na watoto 80 si jambo la kutetea. Nasema wastani peke yake hauwezi kutofautisha mambo haya mawili.

15. Na hata wastani ukiwa mzuri ulificha kitu. Kuanzia 2009 tathmini za Uwezo zilienda nyumba kwa nyumba na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, zikawauliza watoto wasome. Watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza. Yaani mtoto alihesabiwa kwamba yuko shule, madarasa yalijengwa, na bado ukurasa mmoja ulimshinda. Baadaye, 2015, programu ya Tusome ikapeleka vitabu na miongozo ya walimu madarasa ya chini, na usomaji ukapanda. Walichofanya hakikuwa uchawi. Walipima kusoma, wakafundisha kusoma.

16. Sasa tuko CBC. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Gredi ya 6 wanafanya KPSEA, na sekondari ya chini imewekwa ndani ya shule za msingi. Orodha ya magazetini imekufa, lakini kipimo kipya mzazi hajakizoea. Pengo hilo ndilo linalojazwa na majukwaa. Mtu akikosa kipimo, atakubali chochote kinachong'aa: rangi mpya, geti, basi lenye jina la mheshimiwa.

17. Kabla ya kumpigia mtu makofi, jua kazi ni ya nani. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: kaunti zina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi ni za serikali ya kitaifa. Kuajiri na kupeleka walimu ni kazi ya TSC. Madarasa mengi yamejengwa na pesa za CDF. Kusimamia shule ni kazi ya bodi ya shule. Kwa hivyo anayegombea ugavana akikuahidi "walimu kumi wa msingi", muulize atawaajiri kwa mamlaka gani. Na mbunge akisema amejenga darasa, muulize ni nani anafundisha ndani.

18. Basi mimi nilifanya nini? Nilienda ile shule, siku ya kawaida, si siku ya mkutano. Niliuliza mambo matano. Walimu wa TSC ni wangapi, na wangapi wanalipwa na wazazi? Gredi ya 3 ina watoto wangapi na leo wamekuja wangapi? Naweza kuona daftari tatu zilizosahihishwa? Mgao wa serikali umebandikwa wapi tuuone? Walioanza Gredi ya 1 na hawapo sasa, walienda wapi? Maswali haya hayahitaji digrii. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari kutoka kwa taasisi za umma.

19. Nilichokuta si cha kusifia sana wala si cha kukimbia. Watoto 58 darasa moja, ni wengi. Walimu wawili wanalipwa na wazazi. Vyoo vya wasichana havitoshi, na hilo nimelipeleka kwa bodi kwa maandishi. Lakini daftari zilikuwa zimesahihishwa, na si tiki tu: mwalimu aliandika mtoto amekosea wapi. Nikamwomba mtoto wa dawati la nyuma anisomee ukurasa. Akasoma polepole, kidole juu ya mstari, hadi mwisho.

20. Wiki hiyohiyo kulikuwa na mkutano wa kisiasa pale uwanjani. Msemaji akarudia ile ya "enzi zetu nambari moja". Nilikuwa nimesimama karibu na rafiki yangu wa dawati, yule wa ng'ambo ya mto. Siku hizi ana karakana ya kutengeneza pampu, na mtoto wake yuko Gredi ya 4 palepale. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Hiyo nambari moja mliipata bila mimi." Sikuwa na jibu. Nilikula mandazi ya ushindi ule, na miaka hii yote nimekuwa nikiusimulia kama wangu.

21. Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Shule nzuri ni ile ambayo mtoto wa dawati la nyuma anasoma na bado jina lake liko kwenye orodha. Kipimo chochote, cha mwanasiasa, cha gazeti ama cha jirani, ukiulize kwanza: kimemwacha nani nje? Binti yangu anaanza Januari. Nimeingia pia kwenye kamati ya wazazi, kwa sababu huwezi kulalamika kuhusu vyoo ukiwa nyumbani.

22. Mwisho wa uzi. Ukiusambaza, asante. Lakini kabla ya hapo, tembelea shule ya msingi iliyo karibu nawe, hata kama huna mtoto hapo. Kodi yako iko ndani. Kisha rudi hapa uandike mambo mawili: walimu wa TSC ni wangapi, na mtoto wa dawati la nyuma alisoma ama hakusoma. Tukipata majibu hayo, mtu akipanda jukwaani na "nambari moja" yake tutakuwa na la kumuuliza.