Kuulaki Msafara

Katika karne ya 19, khabari ikifika pwani kwamba msafara wa pembe unateremka kutoka Unyamwezi, bandari za Mrima hazikukaa zikaungoja. Bagamoyo, Saadani, Pangani, kila mji ulituma watu wake bara, mwendo wa siku kadha wa kadha, wakichukua zawadi na maneno mazuri, ili kuulaki msafara njiani na kuuvuta uingie kwao, usiingie kwa jirani. Wanyamwezi waliozibeba pembe hizo walikuwa wamekwenda kwa miguu miezi mizima. Uzito wa jino la ndovu waliujua kwa mabega yao. Wasichokijua ni bei yake siku ile Unguja. Aliyekuja kuwalaki alikuwa akiijua, au alau akijua zaidi kuliko wao, na faida yake ilikaa papo hapo, katika tofauti ya khabari baina ya watu wawili waliosimama chini ya mti mmoja.

Jambo hili lina jina katika fikihi. Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ni miongoni mwa vitabu vikuu vya Kishafii vilivyosomeshwa pwani, nayo inalitaja katika biashara zilizokatazwa: kuwalaki wenye vipando, yaani kuwatokea wachukuzi wa bidhaa kabla hawajafika sokoni na kununua kwao kabla hawajaijua bei. Hukumu yake ni ya kufikirisha. Mauzo hayabatiliki, ila muuzaji akishafika mjini na kuona kuwa amepunjwa, ana khiari ya kuyavunja. Faida yenyewe haikukatazwa, wala hapa haikuwekewa kiwango. Mtu ana ruhusa ya kununua kwa rahisi na kuuza kwa ghali, na bila ya ruhusa hiyo Kilwa isingejengwa, wala Unguja, wala Lamu. Kinachochukiwa ni kumzuia mwenzio asifike penye khabari, kisha kuula ujinga wake. Baina ya kitabu na njia ya msafara, bila shaka, palikuwa na masafa.

Tena si watu wa bara pekee waliolakiwa. Konsuli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, aliyefika Unguja mwaka 1837, alishikana na Jairam Shivji, Mhindi aliyekodi forodha ya Sayyid Said. Forodha ndiko khabari zote zilikopita: nani ameleta nini, nani anadaiwa na nani, ghala gani limejaa. Manahodha wengine wa Kimarekani walinung'unika kwamba hawapati kuuza wala kununua ila kwa kupitia mikononi mwa wawili hao. Bandari nzima, kwa hivyo, ililakiwa mlangoni.

Bidhaa kuu ya Waamerika ilikuwa ni ile nguo nzito isiyopaushwa ambayo jina la nchi yao limeigandia hata leo: merikani. Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikauzwa Unguja kwa jora, ikaingia bara kwa doti na kwa shuka, mikono minane na mikono minne, na huko haikuwa vazi tu bali ndiyo fedha yenyewe. Meli zilirudi na sandarusi na pembe, na pembe nyingi ziliishia Connecticut, zikapasuliwa zikawa vibao vya piano. Mpiga piano wa New York na mwindaji wa ndovu wa Tabora hawakuonana, wala hawakuambiana bei. Baina yao waliketi watu kumi, kila mmoja akinunua kwa bei aliyoijua na kuuza kwa bei ambayo mwenziwe hakuijua.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba mjinga siku zote alikuwa ni mtu wa bara. Ushanga ulikuwa na mtindo wake kama kanga ilivyo na wake. Rangi iliyopendwa nchi moja ilikataliwa nchi ya pili, na iliyopendwa mwaka huu huenda isiangaliwe mwakani. Mwaka 1871, Stanley alipokuwa Unguja akijitayarisha kwenda kumtafuta Livingstone, shughuli yake kubwa ya mwanzo ilikuwa ni kuwauliza wafanya biashara Waarabu: nguo gani hupokelewa wapi, ushanga gani una thamani kwa nani. Mchuuzi aliyechukua ushanga uliokwisha pitwa alikuwa amewalipa wapagazi kubeba kokoto. Huko bara, mwenye khabari alikuwa ni mwanamke aliyejua anataka kuvaa nini shingoni, na mgeni ndiye aliyepunjwa.

Wala haifai kuipamba biashara hii. Njia zilizochukua nguo na pembe zilichukua na wanadamu, walionunuliwa kwa doti kadhaa na kuuzwa kwa riale, mpaka soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873, na kwa magendo hata baada ya hapo. Hao khabari ya bei yao haikuwahusu. Walihusika na bei tu. Kila anayesifu ufundi wa wachuuzi wa zama hizo na awaweke hawa katika hesabu. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila khabari, na daftari la Unguja lina kurasa ambazo wajukuu wengi hawapendi kuzifunua.

Mwaka 1879 waya uliotandikwa chini ya bahari uliiunganisha Unguja na Aden, na kwa Aden na London. Khabari iliyokuwa ikisafiri kwa meli wiki nyingi ikawa inafika kwa saa. Matajiri waliozoea kula tofauti ya wakati wakalazimika kutafuta tofauti nyingine. Waliipata katika deni. Anayekukopesha nguo leo ili umletee pembe baada ya miaka miwili hana haja ya kukuficha bei, maana ameshaipanga yeye.

Lugha nayo imeweka kumbukumbu zake. Neno bazazi lilikuja kutoka Kiarabu likiwa na maana ya muuza nguo, basi; katika Kiswahili likageuka kuwa mfanya biashara mjanja, ayari. Huenda sababu ni hiyo hiyo nguo iliyokuwa fedha: muuza nguo alikuwa ndiye mpima mikono, na mkono wa nani unaopima ni suala la zamani. Kulangua nako kulikuwa ni kununua ili kuuza kwa faida. Machi 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako wa wahujumu uchumi katika Tanzania nzima, neno mlanguzi likawa jina la mshitakiwa. Sheria maalumu ilitungwa mwaka huo huo na nyingine ikaipokea mwaka 1984. Watu walitupa vichakani sabuni na vitambaa walivyovinunua kwa fedha zao. Bidhaa zilikuwa adimu na bei zilipangwa na serikali. Aliyejua duka gani limepokea sukari, na lini, alikuwa na mali mkononi. Walikamatwa wakubwa waliokuwa na maghala, na walikamatwa wanyonge waliokuwa na magunia mawili, na neno likawa moja kwa wote. Hapo ndipo dhulma ilipo: lugha ilipoacha kumpambanua aliyeificha khabari na aliyeifukuzia kwa miguu yake. Ali Hassan Mwinyi alipolegeza milango ya biashara, Zanzibar kuanzia mwaka 1984 na kisha katika Muungano, watu walimwita Mzee Ruksa, na walanguzi wa jana wakaamka wafanya biashara. Kenya neno halikusamehewa: huko ulanguzi husemwa juu ya dawa za kulevya na juu ya binadamu.

Siku hizi kitendo hicho hicho huitwa ujasiriamali. Mwaka 1995 Pierre Omidyar alifungua huko California mnada wa kwenye kompyuta, uliokuja kuitwa eBay, na kitu cha mwanzo kuuzwa kilikuwa ni kurunzi ya leza iliyoharibika, kwa dola 14.83. Tangu hapo kila kinachouzika kimekuwa na mnada ulio wazi mchana na usiku. Msichana wa Darajani hupiga picha dera lililotundikwa dukani kwa mtu, akaituma kwa simu, akapokea fedha, ndipo akaenda kulinunua. Wanazuoni wana neno na hilo pia, kwani kuuza kitu maalumu ambacho hujakimiliki kumekatazwa. Ila wana mlango wa salam, wa kulipwa mwanzo kwa bidhaa iliyosifiwa barabara na kuahidiwa siku yake. Msichana huyo hampunji mtu. Mnunuzi anaweza kuiona bei ya Dubai na ya Guangzhou kwa kidole chake. Anachomlipa ni nauli, subira na uaminifu.

Msafara unaolakiwa hasa leo umo majumbani. Makasha ya zamani yenye nakshi za misumari ya shaba, ambayo mengi yalitoka Bara Hindi kwa majahazi, yamekaa vyumbani Lamu na Unguja vizazi vitatu au vinne. Mji Mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001, na khabari hiyo ilisomwa zaidi Ulaya kuliko uani. Bibi aliyeachiwa kasha na mamake hutokewa na kijana mwenye adabu, aliyevua viatu mlangoni, anayemwita bibi na kumwuliza hali. Kasha limeliwa na mchwa pembeni, asema kijana, na siku hizi watu wanataka makabati. Bei anayoitaja yatosha kununua kabati. Picha ya kasha imekwisha kupigwa, na kabla fedha hazijahesabiwa imeshafika ng'ambo, pamoja na bei nyingine.