Siyu, Mji wa Mafundi

Aendaye Siyu kwa mashua hana budi kungoja maji yajae, kwani mkondo upitao mikokoni hadi mjini hukauka maji yakupwapo. Mwaka 1606 padre wa Kireno, Gaspar de São Bernardino, alifika kisiwa cha Pate, akauhesabu Siyu kuwa mji mkubwa kuliko yote kisiwani. Neno la mgeni apitaye yafaa lipimwe. Hata hivyo lashangaza, maana habari za wafalme zatupeleka Pate, si Siyu.

Siyu ulikuwa mji wa mafundi: washonao makubadhi ya ngozi, wachongao nakshi za mbao, na zaidi ya hao, wanakili wa misahafu. Kitabu kiliandikwa kwa mkono palepale viatu viliposhonwa. Wataalamu waichunguzao fasihi ya kale kana kwamba ilizaliwa majumbani mwa wafalme tu wamelisahau jambo hili. Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mnamo 1858, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Lakini watajao jina lake huishia Pate alikozaliwa na Lamu alikofia.

Majeshi ya Seyyid Said yalishindwa Siyu mwaka 1845. Mwaka 1863, zamani za Seyyid Majid, mji ukasalimu amri. Ufundi ukafifia taratibu. Kisiu, lahaja ya wanakili wale, hutajwa mara nyingi kwa jina tu, baada ya Kiamu na Kipate.