Mtangazaji wa mpira huchaguliwa kwa sauti au kwa jicho?

Ndugu msomaji, wiki iliyopita kijana mmoja alinisimamisha karibu na stendi kuu ya mabasi hapa Moshi. Baada ya shikamoo akaniambia anataka kuwa mtangazaji wa mpira, na kwamba hana haja ya kusubiri, kwani sauti anayo. Kweli anayo. Alinitangazia goli moja pale pale, mpaka makondakta wakaacha kuita abiria wakamgeukia yeye. Nilimpongeza, kisha nikamwuliza: "Kabla ya goli hilo, mpira ulikuwa wapi?" Akacheka. Jibu hakuwa nalo.

Swali hilo si langu. Ni la babu yangu, na nimelirithi kama wengine walivyorithi kihamba.

Novemba 1993 nilikuwa na umri wa miaka 13, nikiishi kwa babu huko Kilema. Simba ilikuwa imeingia fainali ya Kombe la CAF, jambo ambalo klabu ya Tanzania haikuwa imelifikia kabla ya hapo. Mechi ya kwanza na Stella ya Abidjan ilikwisha bila kufungana, kwa hiyo ushindi wowote nyumbani ungetupa kombe. Wakati ule Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994. Kwa hiyo siku ya fainali betri zilianikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu, na redio ikawekwa juu ya kiti peke yake kama mgeni wa heshima.

Babu hakuwahi kuuona Uwanja wa Taifa, huu wa zamani ambao sasa unaitwa Uhuru. Dar es Salaam yenyewe hakuwahi kufika. Lakini alijua winga wa kulia anasimama wapi na kona inapigwa kutoka upande gani. Mtangazaji akinyamaza kidogo, au akianza kusifu umati, babu aliinamia redio na kuuliza kwa ukali: "Mpira uko wapi?" Mtangazaji akisema uko katikati ya uwanja, babu aliegemea tena kiti chake. Akisema umeingia kwenye eneo la hatari, sote tulisimama. Siku ile Stella ilifunga mara mbili, na jina la Boli Zozo likaingia katika nyumba za Kilema bila kukaribishwa. Tulihuzunika, lakini tulijua tumefungwaje. Tuliona kwa masikio.

Je, watu waliotuonyesha mpira kwa namna ile walipatikanaje? Hebu turudi nyuma kidogo.

Redio yetu ilianza Julai 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikaichukua redio hiyo moja kwa moja ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD tuliyoizoea. Kwa karibu miaka 30 iliyofuata, mwananchi wa Bara aliyetaka kusikia mpira wa nyumbani hakuwa na redio nyingine ya kukimbilia. Mtangazaji wa mpira alikuwa mtumishi wa umma. Hakuajiriwa na Simba wala Yanga, na mashabiki wa pande zote mbili walimlipia kodi.

Hapo ndipo yalipojengwa majina kama Ahmed Jongo na Charles Hilary. Hapo ndipo pia Halima Mchuka aliposhika kipaza sauti na kutangaza mpira, wakati wengi waliamini kwamba kazi ile ni ya wanaume tu. Charles Hilary baadaye alikwenda Radio One, Ujerumani na Uingereza, akarudi nyumbani, na alipofariki dunia Mei 2025 alikuwa msemaji wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Lakini kwa watu wa rika langu alibaki kuwa sauti ya Jumamosi alasiri.

Watangazaji hawa walifanya kazi wakiwa wawili au zaidi, wakipokezana. Walikuwa na lugha ya pamoja: lango la kusini, lango la kaskazini, upande wa jukwaa kuu, wingi ya kushoto. Mwenye haraka anaweza kuona maneno hayo kuwa ya kuchosha. Kwa mtu aliyeko Kilema, Kibosho au Rombo yalikuwa ramani. Fikiria Agosti 1979, Taifa Stars ilipokwenda Ndola ikiwa na goli moja mkononi. Zambia ikafunga, na Peter Tino akasawazisha mechi ikielekea mwisho, tukapata nafasi ya kwenda Lagos kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980. Wazee wetu wanalisimulia goli lile hadi leo kana kwamba walikaa nyuma ya nyavu. Wengi wao walikaa karibu na redio.

Wenzetu wa mbali nao walipitia njia hiyo hiyo. Januari 1927 shirika la BBC la Uingereza lilitaka kutangaza mechi ya raga kutoka uwanjani moja kwa moja, na mtu aliyechaguliwa, Teddy Wakelam, hakuwa na wa kumwiga. Mwandaaji wa kipindi akamketisha mbele yake mtu asiyeona, akamwambia amweleze huyo kinachotendeka. Wiki moja baadaye Wakelam akatangaza mechi ya soka ya Arsenal na Sheffield United. Magazeti yote ya ufundi wa utangazaji yaliyoandikwa tangu siku hiyo hayajaongeza jambo kubwa kuliko lile. Msikilizaji haoni, mwambie.

Marekani walitangulia kidogo. Mwaka 1921 kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilitangaza mchezo wao wa besiboli, na mtangazaji Harold Arlin alikuwa fundi wa kiwandani mchana na mtangazaji usiku. Baadaye klabu za mchezo huo zikawa na watangazaji wao wenyewe, wanaosafiri na timu msimu mzima. Mmoja wao, Red Barber wa Brooklyn, aliweka mbele yake kichupa cha mchanga kinachopima dakika tatu, kile cha kuchemshia mayai. Mchanga ukiisha, anasema matokeo na kukigeuza. Alijua kwamba kila dakika kuna mtu anayewasha redio sasa hivi, hajui nani anaongoza.

Barber huyo huyo ndiye aliyempata Vin Scully. Novemba 1949 alimtuma kijana huyo Boston kutangaza mechi ya vyuo. Scully aliacha koti hotelini akidhani atakaa chumbani, akajikuta ametupwa juu ya paa la uwanja katika baridi, na waya mrefu mkononi. Alitangaza mechi hadi mwisho na hakulalamika hata kidogo hewani. Barber alipopata habari za paa lile, moyo wake ulitulia. Mwaka uliofuata Scully alianza kazi katika klabu ya Dodgers, akaifanya kwa misimu 67, hadi 2016. Timu ilipohamia Los Angeles mwaka 1958, watu walikwenda uwanjani na redio zao, ili Scully awaeleze kile walichokuwa wakikitazama kwa macho yao.

Ndugu msomaji, nimeyasema hayo yote kwa sababu nina deni.

Mwaka 2012 nilikuwa mmoja wa watu watatu waliowasaili watangazaji wa mpira katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Tuliwapeleka vijana wawili Uwanja wa Ushirika hapa Moshi, kwenye mechi ya ligi ya mkoa, kila mmoja atangaze kipindi kimoja kwenye kinasa sauti. Wa kwanza alikuwa na sauti ya asali na Kiswahili cha Pwani kilichonyooka. Alitania, akasifu, akatuchekesha. Wa pili alikuwa mtoto wa mlimani kama mimi. Alisema "gafla" badala ya "ghafla", na "zamana" badala ya "dhamana". Lakini katika dakika 45 sikupata nafasi ya kujiuliza swali la babu. Mpira ukienda pembeni alisema. Ukirudi kwa beki alisema. Mchezaji akichechemea alimtaja jina, na mguu unaomwuma.

Nilimkataa. Niliandika kwenye karatasi yangu kwamba lafudhi yake itatutia aibu. Sikumwonea kwa chuki. Naogopa niliona aibu yangu mwenyewe, maana nami "ghafla" nilijifunza ukubwani, chuoni, kwa kusahihishwa mbele ya darasa.

Yule wa asali akaanza kazi. Mechi yake ya kwanza ilipokwisha, mzee mmoja alipiga simu kutoka Uru. Alisalimia vizuri, akashukuru, kisha akasema: "Mwanangu, nimesikiliza nusu saa nzima. Sasa niambie, nani kashinda?" Nilimtafuta yule kijana wa pili miezi michache baadaye. Alikuwa amekwenda Mwanza kuuza vipuri vya magari. Aliniambia kwa upole kwamba biashara inaendelea vizuri.

Sisemi Kiswahili fasaha hakina maana. RTD iliwafundisha Watanzania wengi lugha ya taifa, na aliyesema ovyo hewani aliwapotosha mamilioni. Ninachosema ni mpangilio. Matamshi hufundishika, nami nilifundishwa. Jicho linalofuata mpira na moyo unaomkumbuka mtu wa mbali ni vigumu kumfundisha asiyekuwa navyo. Tulimwacha mwenye kigumu kwa kukosa chepesi.

Leo ligi yetu inaonekana kwenye televisheni tangu Azam TV ilipoingia mwaka 2013, na wasemaji wa klabu ni maarufu kuliko watangazaji. Watu husema basi redio haina kazi tena. Nenda Jumamosi alasiri kwa walinzi wa maduka hapa mjini, kwa madereva wa daladala za Marangu, kwa mama anayeuza ndizi Kiborloni. Simu ndogo ziko sikioni. Hao ndio yule mtu asiyeona aliyeketishwa mbele ya Wakelam. Hawahitaji shabiki mwenzao wa kupiga kelele pamoja naye. Wanahitaji macho ya kuazima.

Kwa hiyo, kijana wangu wa stendi, sauti yako ni nzuri, usiipoteze. Nenda Ushirika Jumapili hii na rafiki mmoja. Mwambie ageukie ukuta, aupe uwanja mgongo, wewe umtangazie. Mechi ikiisha mwulize matokeo, na kila goli lilipitia wapi. Akikujibu, njoo uniambie. Safari hii nitaandika vizuri kwenye karatasi yangu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.